Pasi ndefu inakunyima na usingizi

Wadogo zangu mnaosoma huku Mwanza, Malimbe, Bugando, Nyegezi na kwingineko, mimi ni afisa lishe kwenye zahanati ya chuo na UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zikikaribia wanaokuja wana shida zilezile, kichwa kinauma, kizunguzungu, "nasoma haiingii", na wanataka dawa. Mimi nauliza mawili tu, jana ulikula nini na ulilala saa ngapi. Majibu: pasi ndefu, yaani mlo mmoja tu kwa siku, na saa tisa usiku.

Wengi mnaona njaa ni shida yake na usingizi shida yake, hapana jamani. Ukila mara moja tu saa kumi jioni, saa saba usiku tumbo linakukatalia kulala, unaona bora nikeshe bando la usiku si lipo, unashushia na energi, kile kinywaji cha kuchangamsha chenye kafeini. Kafeini hiyo masaa kama matano baadae nusu yake bado iko mwilini, kwahiyo hata ukijitupa kitandani alfajiri usingizi wenyewe wa mang'amung'amu. Kukicha, mwili uliokosa usingizi unaongeza homoni ya njaa, grelini, unapunguza ya shibe, leptini, ndo maana ukikesha unatamani chipsi na soda kuliko kitu chochote, hela ya siku mbili inaisha mchana mmoja na kesho yake pasi ndefu tena.

Na huo msuli, kusoma usiku kucha, hauwalipi, maana ubongo unahifadhi ulichosoma wakati umelala. Umri wenu unatakiwa kulala masaa 7 mpaka 9.

Hela najua ni ngumu. Mwaka wa masomo 2022/23 bumu, hela ya kujikimu ya mkopo wa serikali, lilipanda toka sh 8,500 mpaka 10,000 kwa siku, lakini humohumo kuna kodi ya geto, na wapo wasio na bumu kabisa, hao kuwaambia wale nyama na matunda kila siku ntakuwa nawaonea. Nachoomba, bumu likiingia, kabla ya viatu na simu, changeni hata watu wanne mwende soko la samaki la Mwaloni Kirumba mkachukue dagaa wakavu wa kuwatosha. Nendeni kipindi cha giza, dagaa wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwaka wanapungua na bei inapanda. Chagueni waliokaushwa kwenye chanja, wa mchangani mtasaga meno. Samaki huyu analiwa na miba yake yote kwahiyo mnapata protini, kalsiamu na madini ya chuma kwa mpigo, kamulieni limao, na chai isubiri lisaa hivi baada ya kula maana inazuia chuma kuingia mwilini, wadada hili ni lenu hasa.

Wa Usukumani nyumbani kuna michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, mwambieni mama awafungie kwenye kiroba, na sioni kwanini mtu aone aibu kuvitafuna hosteli. Vipande kadhaa na kiganja cha karanga saa mbili usiku, tumbo linatulia, unalala. Energi mwisho saa nane mchana, au uache kabisa, mi napendelea uache.

Na wewe ambaye leo huna hata mia, usijifungie geto ukanywa maji ukalala. Njoo hapa kwetu au nenda kwa mlezi wa wanafunzi umwambie ukweli, sijala tangu jana. Hatuulizi kadi kwa hilo.