Taulo za kike zilizotumika: ziende wapi katika vyuo vya Mwanza

Kila mwaka, kati ya tarehe 28 Mei, ambayo ni Siku ya Hedhi Salama Duniani, na tarehe 5 Juni, ambayo ni Siku ya Mazingira Duniani, sisi tunaofanya kazi za usafi wa mazingira hualikwa vyuoni kuzungumza na wanafunzi, na karibu kila mara swali la kwanza huwa ni la bei ya taulo za kike. Ni swali la haki, kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye bidhaa hiyo mwaka 2018 na kurejeshwa mwaka 2019, na mwenye kuumia ni mnunuzi. Lakini kuna swali la pili ambalo haliulizwi mpaka chemba za bweni zifurike: taulo ikishatumika, inakwenda wapi? Malalamiko ya vyoo kuziba huongezeka mvua zinapoanza, na kinachotolewa na mafundi wetu ni kilekile kila mara, kwa hiyo makala haya yanahusu swali hilo la pili.

Ieleweke kwanza kwamba taulo ya kutupwa si pamba wala karatasi, ingawa ni laini kama pamba na nyeupe kama karatasi. Tabaka linalogusa mwili kwa kawaida ni nyuzi za plastiki aina ya polipropilini au polithini. Katikati kuna nyuzi laini za mti zilizochanganywa na chembe za kemikali zinazonyonya majimaji na kugeuka utelezi mzito. Chini kuna utando wa polithini unaozuia kuvuja, kisha gundi, kisha kifuko cha plastiki cha kila taulo moja. Mwanafunzi anayetumia taulo nne kwa siku, kwa siku tano, hutumia 20 kwa mwezi na 240 kwa mwaka. Chuo chenye wanafunzi wa kike 1,000 wanaotumia kwa kiasi hicho huzalisha taulo 240,000 kila mwaka, pamoja na vifuko vyake, na plastiki hiyo haiozi katika maisha ya yeyote anayeisoma makala hii.

Taulo ikitumbukizwa chooni haiyeyuki. Chembe zile za kunyonya hufanya kazi ziliyotengenezewa, yaani huvuta maji hadi mara nyingi zaidi ya uzito wake, taulo huvimba, hunasa kwenye kona ya bomba, na kila kinachofuata hunasa juu yake. Katika maeneo yaliyounganishwa na mtandao wa majitaka unaoelekea kwenye mabwawa ya Butuja, wilayani Ilemela, taka ngumu inayopenya huwa mzigo kwa mabomba na kwa watu wanaoyazibua. Vyuo na hosteli zilizo nje ya mtandao hutegemea mashimo yao wenyewe, na hapo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu Mwanza ni mji wa mawe: mahali pengi ukichimba kidogo unakutana na mwamba, shimo linakuwa fupi, na likijaa plastiki gari la kunyonya majitaka halina la kufanya, kwani mpira wake hunyonya tope na maji, haunyonyi taulo. Shimo likifurika mlimani, kinachofurika hushuka na maji ya mvua kwenye mifereji, hufika Mto Mirongo au kijito kingine, na mwisho wake ni ziwani. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza sangara na sato walionunuliwa katika soko la samaki hapa Mwanza, na katika kila aina samaki mmoja kati ya watano alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni. Siwezi kusema plastiki hiyo ilitoka kwenye taulo za kike, wala sitaki mtu yeyote awalaumu wanawake kwa uchafu wa ziwa zima. Ninachosema ni kwamba ziwa ndilo mwisho wa mteremko wetu sote.

Lipo jambo ambalo halisemwi kwenye semina, nalo ndilo kiini cha tatizo. Mabinti wengi wamelelewa wakiambiwa kwamba damu ya hedhi ikiangukia mikononi mwa mtu mwenye nia mbaya inaweza kutumiwa kuwadhuru, hata kuwafunga uzazi. Mwenye hofu hiyo haweki taulo yake kwenye ndoo ya pamoja hata ukimbandikia mabango kumi. Ataitumbukiza chooni, au ataiviringisha kwenye mfuko na kuitupa usiku nyuma ya bweni. Sihitaji kumtaka mtu akane aliyofundishwa na bibi yake. Namwomba afikirie njia ipi inasitiri zaidi. Taulo iliyotumbukizwa chooni itavutwa siku moja kwa waya na fundi ambaye hamjui, mchana, mbele ya bweni, na kulazwa kwenye majani kila mtu akiiona. Taulo iliyofungwa kwenye karatasi, ikawekwa katika ndoo yenye kifuniko na kuteketezwa siku hiyohiyo, haitaonwa na yeyote. Wanaoendelea kutuambia kwamba chooni ndiko kwenye siri zaidi hawajawahi kusimama kando ya chemba ikizibuliwa.

Kuchoma nako kuna utaratibu, na hapa tunapata taabu kubwa na wasimamizi wa hosteli. Kumwaga mafuta ya taa kwenye shimo la taka na kuwasha kiberiti si kuteketeza. Taulo mbichi huungua nusu, plastiki hutoa moshi wenye sumu unaoingia madirishani, na mabaki hubebwa na mvua. Kichomea taka kinachofaa hufikia joto la nyuzi 850 za Selsiasi au zaidi, kina bomba la moshi refu kuliko mapaa ya karibu, na hujengwa baada ya kushauriana na afisa mazingira wa halmashauri, iwe ya Jiji la Mwanza au ya Manispaa ya Ilemela. Chuo kisicho na kichomea kifunge taka hizo kivyake na kuzikabidhi kwa mzabuni wa taka anayetambuliwa na halmashauri.

Sasa kuhusu mifuko, kwa kuwa uvumi ni mwingi. Kanuni za kupiga marufuku mifuko ya plastiki zilianza kutumika tarehe 1 Juni 2019 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Hazikukataza taulo za kike, na hazikukataza mifuko ya kutandika ndani ya ndoo za taka, kwani plastiki ya shughuli za usafi na udhibiti wa taka imeachwa nje ya katazo pamoja na ile ya huduma za afya. Kilichokatazwa ni mfuko wa kubebea bidhaa. Anayekutwa akiumiliki au kuutumia anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Anayeuuza, faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Na kwa mzalishaji au mwingizaji faini huanzia shilingi milioni 20 na inaweza kufika bilioni moja. Kwa hiyo duka la karibu na bweni linalofunga pakiti ya taulo kwenye kifuko laini cha plastiki ili isionekane linavunja sheria, na mwanafunzi anayetoka nacho pia. Gazeti la zamani au bahasha ya kaki husitiri vilevile, huungua vizuri, na hakuna faini.

Njia inayopunguza taka kwa kiasi kikubwa zaidi ni kutumia kinachorudiwa. Taulo za kitambaa zilizoshonwa vizuri hulowekwa kwenye maji baridi, hufuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Kikombe cha hedhi cha silikoni huchemshwa kati ya mzunguko mmoja na mwingine, huvaliwa hadi saa 12, na kikitunzwa kinaweza kudumu miaka mingi. Nakiri kwamba vitambaa vingi vina utando mwembamba wa plastiki ndani, lakini utando mmoja unaofuliwa kwa miaka miwili haulingani na taulo 480 za kutupwa. Wala si haki kumhimiza mwanafunzi atumie kitambaa katika bweni ambalo maji hutoka mara mbili kwa wiki. Wengi huanika taulo zao chini ya godoro au nyuma ya kabati kwa sababu kamba pekee iko uwanjani, mbele ya bweni la wavulana, na kitambaa kisichokauka vizuri ni hatari kwa afya.

Ndiyo maana ombi letu kwa wakuu wa vyuo, matroni na wenye nyumba zinazopangishwa wanafunzi kule Malimbe na Nyegezi ni la vitu vinavyohesabika, viwepo kabla ya muhula mpya kufunguliwa: ndoo yenye kifuniko cha kukanyagwa kwa mguu ndani ya kila choo cha wanawake, si moja mlangoni, karatasi za kufungia juu yake, mhudumu wa kike mwenye glavu wa kuzimwaga kila siku, bomba la maji ndani ya chumba kinachofungwa, na kamba ya kuanikia upande unaopata jua, yenye ukuta wa kuisitiri.