Mfumuko wa bei: Tanzania 3.8, Burundi 27, maana yake nini?

Pale mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, mama mmoja muuza mawese alinishika mkono akaniuliza: "Mwanangu, redio inasema mfumuko wa bei umeshuka. Mbona dumu langu halijashuka?" Ni swali la haki, na sisi watu wa takwimu hatulijibu vya kutosha.

Mfumuko kushuka si bei kushuka. Tuseme dumu la lita 20 lilikuwa shilingi 80,000 mwaka juzi, mwaka jana likafika 88,000. Hiyo ni asilimia 10. Mwaka huu ni 90,640, yaani asilimia 3 juu ya mwaka jana. Mfumuko umeshuka, na bado mnunuzi anaongeza shilingi 2,640. Kilichopungua ni kasi ya bei kupanda.

Mwaka 2023 wastani wa mfumuko wetu ulikuwa asilimia 3.8, wakati kwa jirani zetu Burundi ulikaribia 27. Wengi hapa Kigoma husikia hivyo wakadhani ng'ambo ya mpaka wa Manyovu kila kitu ni ghali mara saba. Sivyo. Takwimu ile inapima bei za Burundi dhidi ya bei za Burundi mwaka uliotangulia, kwa faranga. Mei mwaka huo faranga ilishushwa thamani, dola ikatoka takriban faranga 2,080 hadi zaidi ya 2,800. Bidhaa za kuagizwa zikapanda kwa Mrundi anayelipwa kwa faranga. Mwenye shilingi mkononi hesabu yake ni nyingine, maana shilingi ileile huenda ikampa faranga nyingi zaidi. Kwa hiyo anayevuka mpaka kununua mzigo aulize mfumuko pamoja na bei ya kubadilisha fedha. Kimoja peke yake kitampoteza.

Halafu kuna kapu. Kila nchi hupima kapu lake la bidhaa na huduma. Kwetu chakula na vinywaji baridi vina uzito wa asilimia 28.2, yaani ndiyo sehemu yake katika hesabu ya kapu zima. Nigeria, katika kapu lao la zamani, chakula kilizidi nusu. Desemba 2024 walitangaza asilimia 34.8, mwezi uliofuata 24.5. Je, maisha yalipata nafuu kiasi hicho ndani ya siku 31? Hapana, walibadilisha kapu na mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake ndizo msingi wa kulinganishia, kutoka 2009 hadi 2024. Kulikuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo, kwa kuwa kapu la miaka 15 halifanani tena na manunuzi ya watu. Ila namba hizo mbili usiziweke kwenye mstari mmoja.

Angalia pia kama ni namba ya mwezi au wastani wa mwaka. Ghana ilifika asilimia 54.1 Desemba 2022, lakini wastani wa mwaka ule mzima ulikuwa 31 na ushee. Anayelinganisha Desemba ya Ghana na wastani wa Tanzania anawaonea Waghana.

Mama yule alisikiliza, kisha akaniambia kapu lake yeye ni unga wa muhogo, nauli ya bodaboda na ada za wajukuu wawili. Nikamwomba aandike bei hizo kwenye daftari lake la madeni kila mwisho wa mwezi. Mwakani tutakaa tupige hesabu ya mfumuko wake mwenyewe, tuuweke kando ya ule wa taifa.