Mafuta ya taa ya nini kwenye shimo lile?

Mvua za kwanza zikianza, simu yangu hujaa picha. Karibu zote ni za buibui mkubwa wa kahawia kwenye sakafu ya saruji, kando yake kandambili imeshainuliwa. Swali ni lile lile: "Daktari, huyu anaua?"

Haui. Sikumbuki hata kisa kimoja cha mtu kufa kwa kuumwa naye. Maumivu yake lakini si ya mchezo, kwa hiyo usimshike kwa mkono.

Wataalamu humwita Pelinobius muticus, jina alilopewa mwaka 1885. Mwaka 1900 akapewa jina jingine kana kwamba ni spishi tofauti, na ilipofika 2010 ndipo majina hayo mawili yakaunganishwa. Ni wa nyika za Kenya na Tanzania. Jike aliyekomaa, akitandaza miguu, anakaribia sentimita 20. Ni mwekundu wa kutu na mwili una manyoya mafupi kama mahameli. Kitambulisho changu mimi ni miguu ya nyuma: minene, imepinda, utadhani ameazima ya mnyama mwingine.

Huyo jike humkuti sebuleni. Anakaa shimoni. Hulegeza udongo kwa meno, akautoa donge kwa donge, na ndani akatandika hariri. Usiku husubiri mlangoni. Mende au panzi akikanyaga karibu, miguu ya jike inahisi mtikisiko kabla macho hayajaona chochote. Macho anayo manane, ila hayamfai sana.

Anayeingia nyumbani ni dume. Ni mdogo, mwembamba, na nchani mwa vipapasio vyake kuna uvimbe kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Humo ndimo anamobeba mbegu. Akishajivua gamba mara ya mwisho huacha shimo lake na kutembea usiku kutafuta jike. Umri uliombakia ni mfupi. Mfunike kwa bakuli, pitisha karatasi ngumu chini yake, mpeleke nje.

Jike ana hesabu nyingine kabisa: anaweza kupita miaka 20. Ndiyo maana nakereka nikisikia mtu anamwaga mafuta ya taa mashimoni. Wakitishwa, binamu zake wa Amerika hurusha vinyweleo vinavyowasha. Wetu hawana silaha hiyo. Wao husimama, huinua miguu ya mbele na kutoa mlio wa kukwaruza kwa kusugua manyoya magumu.

Kijana mmoja wa sekondari aliwahi kunipeleka kwenye shimo la namna hiyo shambani kwao, chupa ya mafuta mkononi. Nikamuuliza ni la lini. "Mama anasema alilikuta alipoolewa hapa," akajibu. Nikachokoza mlangoni kwa unyasi. Mlio ukatoka chini, mkavu, mrefu. Kijana akaruka nyuma, kisha akarudi taratibu, akachutama.

"Hebu tena," akasema.