Chipu ya kuagiza: aina zake na namna inavyotengenezwa

Kompyuta ndogo ya Sinclair ZX80, iliyotoka Uingereza mwaka 1980, ilikuwa na chipu 21, zote za aina inayopatikana madukani. Mwaka uliofuata ikaja ZX81 ikiwa na chipu 4 tu. Kazi ya chipu 18 ilikuwa imehamishiwa kwenye chipu moja iliyoagizwa maalumu kutoka kampuni ya Ferranti. Bei ikashuka kutoka pauni 99.95 hadi 69.95, na mashine zaidi ya milioni moja zikauzwa.

Chipu ya namna hiyo, iliyobuniwa kwa kazi maalumu, wahandisi huiita ASIC. Tunaulizwa mara nyingi aina ipi ni bora. Jibu linategemea jambo moja: ni tabaka ngapi za chipu zitatengenezwa kwa ajili yako peke yako?

Kila chipu hujengwa tabaka juu ya tabaka. Silikoni iliyosafishwa mno huyeyushwa kwa nyuzijoto zaidi ya 1,400 za Selsiasi, kisha huvutwa polepole ikiwa inazungushwa hadi iwe mche mmoja wa fuwele. Mche hukatwa visahani vyembamba, vingi siku hizi vikiwa na kipenyo cha milimita 300. Kisahani hupakwa dawa inayobadilika ikipigwa na mwanga. Mwanga huletwa juu yake kwa kutumia kiolezo chenye mchoro wa tabaka husika, dawa huoshwa, na sehemu zilizobaki wazi huchimbwa kwa gesi kali au hupigwa kwa atomi za boroni au fosforasi, ambazo hubadili jinsi silikoni inavyopitisha umeme. Kazi hiyo hurudiwa kwa kila tabaka. Transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, hukaa chini, nyaya za shaba au alumini hulazwa juu yake.

Kwa chipu za kisasa kabisa, mwanga wenyewe ni kazi kubwa. Mashine za kampuni ya ASML ya Uholanzi hurusha vitone vya bati lililoyeyuka, kama 50,000 kila sekunde, na kuvipiga kwa leza ili vitoe mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5.

Gharama inayotisha ni ya violezo. Seti moja kwa teknolojia ya kisasa hugharimu mamilioni ya dola kabla chipu hata moja haijauzwa, na kosa moja la usanifu laweza kukulazimu uvichonge upya.

Ukitaka chipu iliyobuniwa yote kwa mkono, kila transista huchorwa na mhandisi na violezo vyote ni vyako. Inatumia umeme kidogo na nafasi ndogo, lakini usanifu wake huchukua muda mrefu sana. Njia iliyozoeleka zaidi ni kutumia milango ya mantiki (vikundi vidogo vya transista vyenye kazi rahisi) ambayo tayari imechorwa na kupimwa. Programu huipanga na kuiunganisha. Hapa pia violezo vyote ni vyako, ila umeokoa muda mwingi.

Chipu ya ZX81 ilikuwa ya njia ya tatu. Kiwanda hutengeneza transista mapema na kuweka visahani stoo. Mteja huagiza tabaka za nyaya tu. Ni sawa na fremu za biashara: kuta zipo, mpangaji analeta rafu zake. Violezo vinakuwa vichache, ingawa transista nyingine hubaki bila kazi.

Kisha kuna FPGA, iliyoingizwa sokoni na Xilinx mwaka 1985. Hii haikuhitaji uagize kiolezo hata kimoja: unainunua tayari na kuipangia kazi kwa programu, tena waweza kuibadilisha kesho. Kwa vifaa mia chache, sisi tunashauri hii bila kusita, japokuwa kila moja ni ghali zaidi na hula umeme mwingi. Hata wanaokusudia kutengeneza mamilioni huujaribu usanifu wao kwenye FPGA kwanza, kwa sababu kosa likionekana hapo hurekebishwa siku hiyohiyo.