Aibu ya mgonjwa na madhara yake kitandani

Mgonjwa aliyelazwa akianza kukataa maji ya kunywa, wengi wetu tunawaza kichefuchefu au dawa mpya. Mimi huanza kwa kumuuliza, kwa sauti ya chini, kama anapata taabu kujisaidia. Mara nyingi jibu liko hapo. Hanywi kwa sababu hataki kuomba tena chombo cha haja mbele ya watu asiowajua. Nauguza wodi ya watu wazima, na hili naliona sana, hasa kwa wazee.

Ndiyo maana sikubali utu wa mgonjwa uhesabiwe kuwa hisani ya siku ambazo wodi haina watu wengi. Anayejinyima maji anajiweka karibu na maambukizi ya njia ya mkojo. Anayebana haja kubwa anapata choo kigumu. Mwingine anasubiri usiku, anashuka kitandani peke yake kwenda chooni, anaanguka na kuvunjika nyonga. Kwenye faili itaandikwa kwamba ameanguka. Aibu iliyomshusha kitandani haiandikwi.

Tuanze na chombo chenyewe. Vuta pazia hadi mwisho, lisibaki na upenyo upande wa mlango. Mfunike mgonjwa shuka kuanzia kiunoni. Kama hali yake inaruhusu, inua kichwa cha kitanda akae, maana kujisaidia ukiwa umelala chali ni shida kwa mtu yeyote. Mwachie kengele mkononi na karatasi karibu, kisha utoke nje ya pazia. Akikuita, nenda. Kumwacha juu ya chombo muda mrefu kunamdhalilisha, tena kunamuumiza ngozi ya makalio, palepale vidonda vya mgandamizo vinapopenda kuanzia. Mwisho mpe maji na sabuni anawe. Hatua hii inarukwa sana, na inaniuma, kwa sababu huyohuyo baada ya muda mfupi analetewa chakula.

Kumwogesha kitandani nako ni hivyohivyo. Tunafundishwa kuanza na macho, bila sabuni, kutoka kona ya puani kwenda nje, halafu uso, kisha kushuka. Sehemu za siri ni mwishoni, na mwanamke anasafishwa kutoka mbele kwenda nyuma. Utaratibu huo umewekwa kuzuia vijidudu, lakini ukiufuata vizuri unamsitiri pia: unafunua mkono mmoja, unauosha, unaukausha, unaufunika, ndipo unahamia wa pili. Hakuna wakati anaobaki uchi mwili mzima. Anayeweza kujiosha sehemu za siri mwenyewe, mpe kitambaa ajioshe. Na umwambie kabla ya kumgusa: "Mama, sasa nakuosha mgongo." Aliyepoteza fahamu naye aambiwe, maana hatuwezi kuwa na hakika kwamba hasikii.

Kujitambulisha nako tunakupuuza. Kate Granger, daktari wa Uingereza aliyekuwa akiugua saratani, alianzisha kampeni mwaka 2013 ya kuwahimiza wahudumu wataje majina yao, baada ya kulazwa na kuhudumiwa na watu wasiosema wao ni nani. Yeye alikuwa daktari na bado lilimuumiza. Wakati wa kukabidhiana zamu ndipo tunapoteleza zaidi: "kitanda namba sita, yule wa kisukari," na yule wa kisukari amelala hapo anasikia, na jirani yake anasikia. Majibu ya vipimo nyeti yasemewe mahali pengine.

Na akikataa kuoga? Muulize sababu kabla ya kumshawishi. Huenda ana maumivu. Apewe dawa kwanza, isubiriwe ifanye kazi. Huenda anataka muuguzi wa jinsia yake; kama yupo, badilishaneni. Huenda amechoka tu, anataka alasiri. Andika kwenye ripoti kwamba amekataa na sababu aliyoitoa, umweleze anayepokea zamu, na saa mliyokubaliana na mgonjwa iheshimiwe.