Mkaratusi hauongezi maji ya chemchemi
Kuna ujumbe haukauki kwenye magrupu ya Moshi: panda mikaratusi kuzunguka chemchemi, maji yataongezeka. Si kweli. Mti huo hukua haraka na hunywa maji mengi. Kinachowachanganya watu ni ukijani wake wakati wa kiangazi, kumbe unatokana na maji yaleyale ya chemchemi. Ukiupokea ujumbe huo, uishie kwako.

Pima mwenyewe: kinga ndoo ya lita 20, hesabu sekunde, rudia mara tatu. Ikijaa kwa sekunde 40, ni nusu lita kwa sekunde. Linganisha Septemba na Septemba ya mwaka unaofuata, masika hudanganya.

Kwenye chanzo panafaa mkuyu. Mikaratusi ya nguzo (nayo ina faida zake) iwe mbali, nje ya mita 60 kutoka kwenye chanzo zinazolindwa na sheria ya mazingira ya 2004. Ukiikata, ng'oa machipukizi. Kisiki chake hakifi upesi.