Serikali inayowajibika kwa Bunge ni kitu gani? Mfuate Robert Baldwin wa Kanada, aliyejiuzulu mara nne

Tuanze na maana yenyewe. Serikali inayowajibika kwa Bunge ni ile ambayo mawaziri wake wako ofisini kwa sababu wabunge walio wengi wanawaunga mkono, na siku wabunge hao wakikosa imani nao wanaachia ngazi wote kwa pamoja, hata kama mkuu wa nchi bado anawataka. Na huyo mkuu wa nchi, awe mfalme au gavana, anafuata ushauri wa mawaziri hao hata pale roho yake inapokataa. Tanzania tunacho kipande cha jambo hili, ibara ya 53A ya katiba inaruhusu Bunge kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, wakati Kenya kwa katiba ya 2010 wameenda njia nyingine, mawaziri hawatoki bungeni kabisa.

Sasa wengi wanadhani ukishakuwa na uchaguzi na bunge basi tayari wananchi ndo wenye nchi. Hapana. Unaweza ukapiga kura, ukapata mbunge, mbunge akaenda akaongea mpaka jasho likamtoka, na bado nchi ikaendeshwa na watu ambao hukuwachagua na huna njia ya kuwatoa. Kanada ya miaka ya 1830 ilikuwa hivyo hivyo, ndo maana napenda kuieleza dhana hii kwa kumfuata mtu mmoja wa kule, Robert Baldwin, mwanasiasa ambaye ukiangalia maisha yake yote ya kazi unaona silaha yake kubwa ilikuwa kujiuzulu.

Mwaka 1791 Uingereza iligawa koloni la Quebec mara mbili. Kanada ya Juu ndo Ontario ya leo, wengi Waingereza, Waskoti na Waairishi, na Kanada ya Chini ndo Quebec, wengi wanaongea Kifaransa. Kila upande ukapewa bunge la kuchaguliwa. Lakini pembeni ya bunge kulikuwa na baraza la kutunga sheria ambalo wajumbe wake waliteuliwa maisha, hawa waliweza kuua muswada wowote, halafu kulikuwa na Baraza la Utendaji la kumshauri gavana, nalo la kuteuliwa, na gavana mwenyewe alitoka London na alijibu London. Mjini York, ambao mwaka 1834 uligeuzwa jina ukawa Toronto, vyeo hivi vilizunguka kwenye koo chache zilizooana na kusoma pamoja. Chukulia kikundi cha vikoba ambacho wanachama wanachanga kila wiki, ila mwenyekiti na mweka hazina wanaletwa na mtu wa nje, na mkilalamika mnaambiwa mikutano si mnafanya?

Baldwin alizaliwa humo humo York tarehe 12 Mei 1804. Baba yake William Warren Baldwin alikuwa daktari na wakili kutoka Ireland, mtu wa mali na heshima, kwa hiyo kijana hakuwa mtu wa mtaani anayetafuta kupindua meza. Alikuwa mpole, mwenye aibu, wala hakuwa mzungumzaji wa kusisimua umati. Wazo la serikali ya kuwajibika alilirithi kwa baba yake na lilikuwa jepesi sana, kwamba Uingereza kwao mfalme anatawala kupitia mawaziri wenye wingi bungeni, basi na Mkanada ambaye ni raia yuleyule wa mfalme apewe utaratibu uleule. Wenzake wengine walitaka mambo mengi, baraza la juu lichaguliwe, mfumo kama wa Marekani, yeye alishikilia hilo moja tu. Wapo waliomwona mtu wa wazo moja. Mimi naona ndo lililomsaidia, maana kila gavana alipojaribu kumpa kitu kingine kinachofanana alikuwa anajua papo hapo kwamba sicho.

Februari 1836 gavana mpya wa Kanada ya Juu, Sir Francis Bond Head, akamwita kwenye Baraza la Utendaji pamoja na John Rolph na John Henry Dunn. Baldwin alikuwa na majonzi makubwa, mke wake Eliza alikuwa amefariki Januari hiyo hiyo kutokana na matatizo ya uzazi wa upasuaji. Akakubali cheo, lakini haraka akagundua gavana hawaulizi chochote cha maana, anaamua mwenyewe, baraza ni pambo. Haukuisha mwezi, wajumbe wote sita wakajiuzulu, wakiwemo watatu wa zamani waliokuwa wahafidhina kabisa. Hapo ndo unaanza kuona dhana ikifanya kazi, kwamba mshauri asiyeulizwa hawezi kubeba lawama ya maamuzi asiyoyajua, kwa hiyo akikaa kimya anamdanganya mwananchi.

Baldwin akapanda meli kwenda London kumweleza Waziri wa Makoloni, Lord Glenelg. Glenelg akakataa kuonana naye. Ikabidi aandike barua ndefu Julai 1836, na ndani yake akaonya kwamba mambo yasipobadilishwa Uingereza itakuja kupoteza koloni. Mwaka uliofuata uasi ukalipuka Kanada zote mbili, upande wa Juu ukiongozwa na William Lyon Mackenzie, wa Chini na Louis-Joseph Papineau. Baldwin hakujiunga, na Desemba 1837 serikali ikamtuma yeye na Rolph wabebe bendera ya amani kwenda kuongea na waasi nje kidogo ya Toronto.

Uasi ukazimwa, wengine wakanyongwa, wengine wakahamishwa mbali. London ikamtuma Lord Durham achunguze, na akina Baldwin, baba na mwana, wakampa maoni yao kwa maandishi. Ripoti ya Durham ya 1839 ikasema mambo mawili: Kanada ziunganishwe, na mambo ya ndani yaendeshwe na mawaziri wenye imani ya bunge. La kwanza London ikalichukua kwa mikono miwili, kwa sababu lengo lilikuwa Wafaransa wamezwe na Waingereza, la pili ikalikalia. Muungano ukaanza Februari 1841.

Hapa inabidi niingize mtu wa pili maana bila yeye Baldwin asingefika popote. Louis-Hippolyte LaFontaine, wakili wa Montreal, kiongozi wa wanamageuzi wa Kifaransa. Baldwin alikuwa Mwanglikana asiyejua Kifaransa, LaFontaine Mkatoliki, na muungano ulitengenezwa ili watu kama hawa wagombane. Wao wakapiga hesabu kwamba wanamageuzi wa pande zote mbili wakikaa pamoja wana wingi bungeni, na mwenye wingi bungeni ndo mwenye hoja. Gavana Lord Sydenham alikuwa amemweka Baldwin kwenye serikali, Baldwin akamwambia ingiza na wenzangu Wafaransa, gavana akagoma, na Juni 1841 bunge likifunguliwa mjini Kingston Baldwin akajiuzulu mara ya pili.

Na kuna hili la majimbo ambalo ningependa kila mtu alijue. Kura wakati ule zilipigwa hadharani, unasimama unataja jina la unayemtaka wote wakisikia, kwa hiyo watu wa marungu walikuwa na kazi. Uchaguzi wa 1841 LaFontaine alifika Terrebonne akakuta wafuasi wa gavana wamejipanga na marungu kwenye kituo, akajitoa ili watu wake wasiuawe. Baldwin alikuwa ameshinda majimbo mawili, akampa LaFontaine moja, la York, na wakulima wa karibu na Toronto wanaoongea Kiingereza wakamchagua Mfaransa Mkatoliki. Mwaka uliofuata zamu ikageuka, Baldwin akaangushwa Hastings, na Januari 1843 LaFontaine akamtafutia kiti Rimouski, ndani kabisa ya Quebec, wakampitisha mtu ambaye hata hotuba ya kuwashukuru asingeweza kuitoa kwa lugha yao. Baldwin akapeleka watoto wake wakasome shule za Kifaransa Quebec ili wao wasiwe kama yeye.

Septemba 1842 gavana mwingine, Sir Charles Bagot, alikuwa ameshasalimu amri kwa hesabu tu, aliona bila kundi hili hana kura za kupitisha kitu, akawaita wote wawili serikalini. London ilikasirika kweli. Bagot akaugua na kufariki 1843, akaja Sir Charles Metcalfe ambaye alitumwa kurudisha kamba mkononi. Ugomvi ukaja kwenye uteuzi. Nani anateua makarani, mahakimu, maafisa wa ushuru? Metcalfe alisema mimi, mawaziri wakasema hapana, sisi ndo tutakaoulizwa bungeni hao watu wakiharibu. Unaweza kuona ni jambo dogo lakini ni kiini kabisa, kwa sababu anayegawa vyeo ndo anayesikilizwa. Novemba 1843 mawaziri wote isipokuwa mmoja wakajiuzulu, na kwa Baldwin hiyo ni ya tatu. Metcalfe akaendesha nchi miezi kadhaa karibu bila baraza, uchaguzi wa 1844 akaugeuza kuwa swali la nani mtiifu kwa Malkia, na upande wa Juu kundi la Baldwin likapigwa vibaya sana.

Kilichobadilisha mambo hakikutoka Kanada peke yake. Mwaka 1846 Uingereza ilifuta ushuru uliokuwa unalinda nafaka, ikaingia biashara huria, na faida ya kubana makoloni kwa karibu ikapungua. Waziri mpya wa Makoloni, Earl Grey, akawaandikia magavana kwamba haiwezekani wala haifai kuendesha makoloni yale kinyume na maoni ya wakazi wake. Nova Scotia, koloni jingine la Uingereza huko huko na nyumbani kwa Joseph Howe aliyepigania jambo hilihili, wakawa wa kwanza kupata serikali ya aina hii, Februari 1848. Mwezi Machi ikafuata Kanada: wanamageuzi walishinda uchaguzi, mawaziri wa zamani wakashindwa kura bungeni, wakajiuzulu, na gavana Lord Elgin, mkwe wa Durham, akamwita LaFontaine na Baldwin waunde serikali.

Jaribio lenyewe lilikuja 1849. Bunge likapitisha muswada wa kuwalipa fidia watu wa Kanada ya Chini walioharibiwa mali wakati wa uasi. Wahafidhina wakawaka, wakasema ni kuwalipa waasi, wakamtaka Elgin akatae kusaini au aupeleke London. Elgin mwenyewe hakuupenda. Lakini mawaziri wenye wingi walimshauri asaini, na tarehe 25 Aprili mjini Montreal akasaini. Akitoka nje gari lake likapigwa mayai. Usiku umati ukavamia jengo la bunge wakati wabunge wako ndani kikaoni, jamaa mmoja akakaa kwenye kiti cha spika akatangaza bunge limevunjwa, moto ukawaka na maktaba yenye maelfu ya vitabu ikateketea, picha ya Malkia Victoria ikaokolewa. Siku chache baadaye Elgin akapigwa mawe. Hakuondoa sahihi yake, wala hakuita jeshi lifyatue risasi kwenye umati, na bunge la London likasimama naye. Tangu hapo ikawa wazi gavana anasaini kwa ushauri wa waliochaguliwa, na njia hiyo hiyo ndo makoloni mengi ya Uingereza yalikuja kupitishwa karne iliyofuata, hata kwetu, Tanganyika ilipopata madaraka ya ndani 1 Mei 1961 na Kenya 1 Juni 1963, waziri mkuu akiwa ni yule mwenye wabunge wengi.

Ila tusipake rangi. Bunge lenyewe liliwakilisha wanaume wenye mali, na ni serikali hii hii ya Baldwin na LaFontaine iliyoandika kwenye sheria ya uchaguzi ya 1849 kwamba wanawake hawapigi kura, na wenyeji asilia wenye ardhi ile hawakuulizwa kitu. Kuwajibika kwa bunge kunakuambia mawaziri wanamjibu nani. Bunge lenyewe ni la nani, hilo ni pambano jingine, na Baldwin hakulipigana.

Mambo mengine aliyofanya akiwa madarakani yalikaa: sheria ya 1849 ya kuanzisha serikali za mitaa za kuchaguliwa Kanada ya Juu, na chuo cha King's College cha Kianglikana kikawa Chuo Kikuu cha Toronto kisicho cha dhehebu lolote. Afya ilikuwa inamwisha, huzuni ya mke haikuwahi kumtoka. Juni 1851 Mackenzie, yule wa uasi, sasa amesamehewa na ni mbunge, akaleta hoja ya kufuta mahakama ya Chancery, ile ya kesi za mali, amana na mirathi, ambayo Baldwin ndiye aliyeifanyia marekebisho. Hoja ilishindwa. Serikali ilishinda ile kura! Lakini Baldwin akahesabu majina akaona wabunge wengi wa upande wake wa Juu wameiunga mkono hoja, walioiangusha ni wabunge wa Quebec, akasema sina tena imani ya watu ninaowawakilisha, akajiuzulu mara ya nne. Wapo wanaosema alizidisha, kwamba alikuwa amechoka na akatafuta sababu. Inawezekana uchovu ulichangia, lakini hilo ndilo sharti alilowadai magavana wanne tangu 1836, na lilipomgeukia yeye hakutafuta kichaka.

Uchaguzi wa mwishoni mwa 1851 aligombea tena York akashindwa, akarudi nyumbani Spadina, akafariki tarehe 9 Desemba 1858. LaFontaine naye aliacha siasa mwaka huo huo wa 1851, na Elgin akawaita Francis Hincks na Augustin-Norbert Morin waunde serikali, kwa kuwa wao ndo walikuwa na kura bungeni.